Anzia mgongoni: niliyojifunza kwa kukusanya na kuhakiki sanamu za mashujaa wa gemu

Aliyecheza Batman: Arkham City mpaka mwisho amemtazama Batman kisogoni kwa saa nyingi kuliko alivyomtazama usoni. Kamera ya gemu hiyo hukaa nyuma ya bega. Anachokifahamu mchezaji ni mgongo, mikunjo ya joho, visigino, na namna masikio ya kinyago yanavyosimama shujaa anapochuchumaa juu ya masanamu ya mawe kwenye kingo za majengo. Kiwanda hufanya kinyume: rangi nzuri hupakwa mbele, picha hupigwa mbele, na boksi hukuonyesha mbele. Sanamu zangu za mwanzo zote nilizichagua kwa picha ya mbele. Zilipofika nikazigeuza, tatu kati yake zilikuwa na mgongo wa plastiki tupu ya rangi moja, bila kivuli, bila mstari wa mshono, na tundu la skrubu likionekana chini ya joho. Siku hiyo niliumia, maana nilikuwa nimesubiri wiki saba.

Tangu hapo, kabla ya kununua sanamu yoyote ya shujaa wa gemu, huomba picha ya mgongo. Muuzaji asiyekuwa nayo simnunulii. Mengine yote ninayoyaeleza hapa yalinifikia kwa njia hiyohiyo ya kupoteza kwanza. Mwaka wa kwanza, zaidi ya nusu ya fedha niliyotumia ilikwenda kwenye usafiri, kodi na vitu nilivyovunja kwa mikono yangu.

Chagua gemu kwanza, shujaa baadaye. Batman yuko kwenye maboksi ya kila aina, na maandishi makubwa yatakwambia Batman tu. Lakini Batman wa Arkham Asylum ya 2009 si yule wa Arkham City ya 2011, na wa Arkham Knight ya 2015 amevaa kitu kingine kabisa. Hizo tatu ziliundwa na Rocksteady ya London. Arkham Origins ya 2013 iliundwa na WB Games Montréal, na mavazi yake ni mazito, yamejaa vipande vya kinga. Ndani ya Arkham Knight yenyewe kuna mavazi mawili makuu: v7.43 ya mwanzo wa usiku, na v8.03 anayoyavaa muda mfupi baadaye. Ukiagiza kwa kuandika jina la gemu peke yake unaweza kuletewa lolote kati ya hayo mawili.

Kuna jambo jingine ambalo wahakiki wengi hulikosea. Katika Asylum na City, mavazi huchakaa kadiri hadithi inavyosonga: joho huraruka, nguo hupasuka, ndevu huanza kuota kidevuni. Sanamu yenye joho zima inamwonyesha Batman wa mwanzo wa usiku, na yenye joho lililochanika inamwonyesha wa mwisho wa usiku. Niliwahi kumlaumu mtengenezaji kwa mikwaruzo ya kifuani ambayo kwenye gemu ipo palepale, nikalazimika kuurekebisha uhakiki wangu baada ya kuwasha gemu na kutazama. Tangu hapo gemu huwa imewashwa mbele yangu ninapoandika, siyo picha za mtandaoni.

Kwa Spider-Man wa studio ya Insomniac, aliyetoka kwenye PlayStation 4 mnamo Septemba 2018, alama ni yule buibui mkubwa mweupe wa kifuani. Weupe huo unarudi kwenye mikono na miguu, na hapo ndipo sanamu za bei nafuu huruka rangi. Tahadhari moja juu ya vichwa visivyo na kinyago: toleo la PlayStation 5 la Novemba 2020 lilibadilisha uso wa Peter Parker, yaani Spider-Man akivua kinyago. Sanamu mbili za mavazi yaleyale zinaweza kuwa na nyuso mbili tofauti na zote zikawa sahihi. Amua unamtaka yupi.

Baada ya gemu, kipimo. Hili ndilo kosa lililonigharimu zaidi kuliko yote, kwa sababu halionekani mpaka sanamu mbili zisimame pamoja rafuni. Batman huandikwa kuwa na futi 6 na inchi 2, yaani sentimita 188. Gawa kwa namba ya chini ya kipimo upate urefu wa sanamu: kwa 1/6 ni sentimita 31, kwa 1/12 karibu 16, kwa 1/18 zaidi kidogo ya 10. Hot Toys ya Hong Kong hufanya kazi ya 1/6, yenye nguo za kitambaa, na bei yake huvuka dola 200. Marvel Legends za Hasbro ni za inchi 6, na S.H.Figuarts za Bandai zinakaribiana nazo, ingawa mwili wake ni mwembamba na kichwa ni kidogo. DC Multiverse ya McFarlane Toys ni ya inchi 7, yaani karibu sentimita 18, ambayo kwa Batman ni kama 1/10. Play Arts Kai za Square Enix ni kubwa zaidi, hazilingani na yeyote kati ya hao. Mashujaa wa Injustice, gemu ya mapigano ya wahusika wa DC, nao wako pande mbili: Storm Collectibles waliwatoa kwa 1/12, Hiya Toys wakatoa wa Injustice 2 kwa 1/18.

Maana yake ni hii: Spider-Man wa inchi 6 akisimama karibu na Batman wa inchi 7 anaonekana kijana wa shule. Ukitaka mashujaa wa Marvel kama Spider-Man na wa DC kama Batman rafu moja, tafuta vya 1/12 pande zote mbili, au watenganishe kwa rafu. Njia rahisi isiyo na gharama ni kukata kadibodi nne za sentimita 31, 18, 15 na 10, ukazisimamisha mahali unapotaka kuweka mkusanyo kwa siku chache. Batman wa inchi 7 mwenye joho la plastiki anahitaji upana wa sentimita 12 hivi na kina cha 15. Rafu ya sentimita 80 niliyodhani itabeba kumi ilibeba sita.

Kwenye ununuzi kuna mtego wa sehemu za kujenga. Baadhi ya matoleo huja na kipande cha sanamu nyingine ya ziada: mguu kwenye boksi hili, kiwiliwili kwenye lile. McFarlane walifanya hivyo kwa wahusika wa Arkham City, vipande vyao vikamjenga jitu Solomon Grundy. Ukinunua mmoja tu unabaki na mguu wa Grundy. Ukitaka Grundy ni lazima uwanunue wote, pamoja na usiyempenda, na mara nyingi yule asiyependwa ndiye anayekwisha mapema kwa sababu maduka yaliagiza wachache. Piga hesabu ya seti nzima kabla ya kugusa boksi la kwanza.

Leseni nayo huathiri bei. DC ilikuwa kwa Mattel, ikahamia McFarlane kuanzia 2020, na ikatangazwa kuwa ingerudi kwa Mattel kuanzia 2026. Sanamu nyingi za zamani za Arkham zilitolewa na DC Collectibles, na hazitengenezwi tena. Leseni inapohama, kilichopo madukani huuzwa kwa punguzo kwanza, halafu baada ya miezi kadhaa kinapanda. Mwenye subira anunue kwenye punguzo. Anayesubiri zaidi ya hapo analipa mara mbili.

Sasa usafiri, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa wengi wetu Dar es Salaam, Mombasa na Kampala tunaagiza kwa boksi. Sanamu ya dola 19.99, bei ambayo McFarlane walianza nayo, haikufikii kwa dola 19.99. Kampuni za kusafirisha kwa ndege hulinganisha uzito wa mizani na uzito wa ujazo, kisha hutoza ule mkubwa. Uzito wa ujazo ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 5,000. Boksi la 40 × 30 × 30 lina sentimita za ujazo 36,000, kwa hiyo linahesabiwa kilo 7.2, hata kama sanamu nne zilizomo ndani hazifiki kilo 3. Unalipia hewa.

Tuseme sanamu nne zinakuja kwa bahari: zenyewe ni dola 80 na usafiri dola 60. Forodha haihesabu zile 80 tu. Inahesabu bidhaa, usafiri na bima kwa pamoja, hapa dola 140. Bidhaa zilizokamilika katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kawaida huangukia asilimia 25: dola 35. Kisha VAT, ambayo Tanzania Bara na Uganda ni asilimia 18, hutozwa juu ya jumla yenye ushuru ndani yake, yaani 175: dola 31.50. Umefika 206.50 kabla ya tozo nyingine ndogo na malipo ya wakala. Kwa Kenya, VAT ya asilimia 16 inakufikisha 203. Gawa kwa nne: kila sanamu imekugharimu zaidi ya dola 50. Mwombe wakala akupe viwango vya siku hiyo kwa maandishi, na usikubali muuzaji aandike thamani ya uongo kwenye karatasi. Boksi langu moja lilizuiliwa kwa sababu hiyo, na siku za ghala zililipwa na mimi, siyo na muuzaji.

Kinachopunguza gharama ni ujazo. Kama huna mpango wa kuuza sanamu ikiwa imefungwa, mwombe muuzaji atoe trei za plastiki kwenye maboksi na kuyalaza maboksi matupu. Boksi la nje linaweza kupungua mpaka karibu nusu. Kwa bahari, mawakala wa mizigo kutoka Guangzhou hutoza kwa mita ya ujazo, na boksi lile la juu ni mita 0.036 tu, kwa hiyo unganisha oda na wenzako. Lakini usipitishe kwa bahari sanamu ya 1/6 yenye nguo ya ngozi bandia: wiki kadhaa ndani ya kontena lenye joto humaliza ile ngozi kabla hujaiona.

Bandia zipo nyingi, hasa za Play Arts Kai na S.H.Figuarts. Bei ikiwa theluthi ya bei ya kawaida, jibu unalo. Ikiwa imeshuka kidogo tu, tazama stempu ndogo kwenye unyayo, paja au chini ya mgongo: sanamu halali huwa na jina la mwenye haki na la mtengenezaji, herufi zikiwa kali. Kwenye bandia herufi zimeyeyukiana au zimefutwa kabisa, kwa sababu kalibu ya kumiminia plastiki ilinakiliwa kutoka sanamu halisi na undani ukapotea. Kwa sababu hiyohiyo bandia huwa fupi kidogo. Plastiki hunywea ikipoa, na nakala ya nakala imenywea mara mbili. Pima kwa rula. Nusa pia. Harufu kali ya kemikali isiyoondoka baada ya siku tatu kwenye hewa ni dalili mbaya, na sanamu kama hiyo isikae chumba cha watoto.

Siku ya kufungua boksi ndiyo siku ya hatari. Furaha inakusukuma ukunje goti mara moja, na goti limegandishwa na rangi. Rangi ya kiwandani huweza kuingia kwenye mwanya wa kiungo na kukauka kama gundi. Ukilazimisha, pini ya ndani hukatika kabla rangi haijaachia. Nilipoteza kifundo cha mguu cha Batman dakika ya nne baada ya kufungua boksi. Kabla ya kukatika plastiki hutoa onyo: inaanza kuwa nyeupe pale inapopindwa. Ukiona weupe, acha.

Utaratibu ninaofuata sasa ni wa polepole. Kwanza kila kiungo kiguswe bila nguvu, ili kujua kipi kimeganda. Kisha maji ya moto: vikombe viwili vya maji yanayochemka na kimoja cha bombani hutoa karibu nyuzi 75, zinazotosha kulainisha PVC, ile plastiki laini ya sanamu, bila kuharibu rangi nyingi. Kiungo kikae humo sekunde 30 hadi dakika moja. Kikitoka, shika pande zote mbili karibu kabisa na kiungo chenyewe, siyo mwisho wa mkono au mguu, ukitikise kwa nyuzi chache kwenda na kurudi mpaka kiachie. Pasipo maji, draya ya nywele kwa sekunde 20 kutoka sentimita 15. Baada ya hapo tone moja la mafuta ya silikoni, yale ya shokapu za magari ya rimoti, kwa ncha ya kijiti cha meno. Mafuta ya cherehani na vaselini yaache. Asili yake ni mafuta ghafi, na ABS, ile plastiki ngumu, ikiwa imebanwa huweza kupasuka taratibu ikikaa nayo.

Maji hayaingii kwenye sanamu yenye taa za macho, yenye nguo, yenye rangi ya kung'aa kama kioo au yenye vibandiko. Hizo ni za draya tu, tena kwa mbali. Na zile zenye taa, toa betri za vitufe kabla ya kuziweka rafuni. Betri ikivuja ndani ya kichwa, kichwa kimekwisha.

Kiungo kilicholegea kina dawa nyingine. Vuta sehemu itoke, paka gundi nyeupe ya mbao ndani ya tundu kwa utando mwembamba, iache ikauke saa 24 ikiwa wazi, ndipo urudishe. Ikizidi inabanduliwa kwa maji ya uvuguvugu. Supaglu nayo inafanya kazi, lakini juu ya tufe la kiungo na si ndani ya tundu, nayo pia ikauke kabisa kwanza. Ukirudisha ikiwa mbichi umeunganisha mguu milele. Asetoni isiguse sanamu popote. Inayeyusha ABS mbele ya macho yako.

Pini iliyokatika inatengenezeka. Toboa katikati ya pande zote mbili kwa keekee ya mkono ya milimita 1, ingiza kipande cha waya wa kibanio cha karatasi cha milimita 8, weka supaglu upande mmoja tu kama unataka kiungo kiendelee kuzunguka. Kifundo changu kilichokatika bado kimesimama kwa waya huo.

Silaha na joho huja zimepinda kwa sababu ya kukaa kwenye trei. Maji yaleyale ya moto, dakika moja, nyoosha kwa vidole, kisha ingiza kwenye maji ya barafu ukiwa bado umeshikilia. Bila baridi, plastiki hukumbuka ulemavu wake na kurudi baada ya siku mbili.

Joho la Batman lina tatizo lake. Likiwa la plastiki nzito, uzito wote uko nyuma, na vifundo vya miguu ndivyo vinavyobeba. Siku ya kwanza anasimama vizuri. Wiki ya sita, kwenye chumba cha Dar es Salaam mwezi wa pili ambapo joto la mchana hupita nyuzi 30, ameanza kuegemea nyuma, na plastiki ya kifundo imejifunza umbo hilo. Akianguka huangusha na wa jirani. Mweke kwenye nguzo yenye mkono unaoshika kiuno, hata kama anaonekana kuwa imara. Mwili ukishaegama, maji ya moto na siku mbili za kulala chali kwenye sehemu tambarare huurudisha, lakini si mara zote.

Unyevu wa pwani hula ngozi bandia. Ile ngozi ni kitambaa kilichopakwa poliyurethani, na unyevu huivunja kemikali zake mpaka inamenyeka vipande vipande, hata kama hujawahi kuigusa. Hakuna dawa ya kuirudisha. Kwa hiyo kama unaishi Tanga au Mombasa bila kiyoyozi, ushauri wangu ni kununua 1/6 zenye nguo za kitambaa cha kunyumbulika, kama ya Spider-Man, na kuacha zenye makoti na mikanda ya ngozi bandia. Ndani ya kabati la vioo weka gramu 100 za silika jeli inayobadilika rangi, uikaushe kila inapogeuka. Jua nalo: nyeupe ya yule buibui kifuani ndiyo ya kwanza kugeuka manjano, basi kabati lisitazamane na dirisha.

PVC iliyofungiwa kwenye mfuko kwa muda mrefu hutoa jasho la kunata, ni kilainishi cha plastiki kinachotoka ndani yake. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, kausha kivulini, kisha acha hewa ipite. Usitumie spiriti, inaondoa rangi.

Nije kwenye uhakiki, kazi ninayoipenda kuliko kununua. Uhakiki mwingi husema uchongaji ni mzuri, rangi ni nzuri, vifaa ni vingi, nunua. Msomaji anayetaka kutoa dola 50 anastahili zaidi ya hapo. Mimi huanza na rula na mizani, huandika urefu bila masikio ya kinyago na pamoja nayo, kisha nageuza mgongo na kuupiga picha kabla ya uso.

Viungo havihukumiwi kwa idadi. McFarlane huandika mpaka sehemu 22 zinazosogea, Hot Toys zaidi ya 30, lakini namba haisemi mkono unafika wapi. Nina majaribio yanayotoka kwenye gemu zenyewe. Kwa Batman la kwanza ni kuchuchumaa juu ya ukingo: nyayo zote mbili zikae bapa, magoti yapite usawa wa kifua, na joho lisimsukume mbele. La pili ni kuruka kwa joho: mlaze kifudifudi hewani uone kama kichwa kinainuka kutazama mbele. Sanamu nyingi hushindwa hapa, kwa sababu ukosi wa joho umeungana na shingo. La tatu ni kukunja mkono kuziba shambulio, jambo linaloonekana mara nyingi katika mapigano ya Arkham. Kiwiko cha pini moja huishia karibu nyuzi 90, na cha pini mbili hupita 120. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ngumi inafika usawa wa sikio.

Kwa Spider-Man jaribio ni moja gumu: kutambaa ukutani. Mapaja yafunguke kando mpaka magoti yafike karibu na mabega, kifua kiiname, na kichwa kiinuke. Kisha ning'iniza kwa mkono mmoja, dakika kumi, uone kama bega linashikilia uzito. Mikono ya kubadilisha ni muhimu kwake kuliko kwa wote. Pasipo jozi ya vidole vya kurushia utando, ni sanamu ya mtu aliyevaa nguo za Spider-Man.

Baada ya kila jaribio natazama tena rangi ya kwenye mikunjo. Rangi nyeupe juu ya plastiki nyekundu hukwaruzika kwenye nyonga na chini ya kwapa siku ya kwanza, na ni haki ya msomaji kuoneshwa hilo.

Picha hazihitaji kamera kubwa. Simu ikae mita moja kutoka kwa sanamu, uvute karibu kwa mara mbili, kwa sababu ukisogeza simu yenyewe kichwa kinakuwa kikubwa kuliko miguu. Mwanga wa dirisha asubuhi upande mmoja, karatasi nyeupe upande wa pili kurudisha mwanga. Shusha mwangaza kidogo kwenye mavazi meusi ya Batman, la sivyo simu itayafanya kijivu na utamdanganya mnunuzi bila kukusudia. Weka sarafu au rula kwenye picha moja angalau. Andika umelipa kiasi gani mpaka kufika mlangoni, na kama sanamu ulipewa bure, liseme kwenye mstari wa kwanza.

Uhakiki wa siku ya kwanza nauita nusu. Weka alama ya penseli rafuni pale visigino vilipo, piga picha ya upande kutoka sehemu ileile, na usimguse. Baada ya siku 90 piga nyingine. Ziweke pamoja: pembe ya mgongo, manjano kwenye nyeupe, kunata, rangi iliyobanduka. Kati ya sanamu za joho la plastiki nilizozifuatilia hivyo bila nguzo, ni mbili tu ambazo mstari wa mgongo haukuhama kwenye alama, na zote mbili zina pini za chuma kwenye vifundo. Sasa hilo huliuliza pia kabla ya kulipa, pamoja na picha ya mgongo.